Uko kwenye methotreksati ya baridi yabisi? Taja jina lake kabla hujauziwa Septrin

Mfamasia wa Ilala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni wa wenye baridi yabisi wanaotumia methotreksati, pamoja na ndugu wanaotumwa kuwanunulia dawa. Kwenye boksi imeandikwa Methotrexate 2.5 mg, na kliniki wengi wanaiita MTX. Ni dawa ya miaka mingi, inazuia viungo kuharibika, na anayeitumia kwa utaratibu hana sababu ya kuiogopa. Kinacholeta balaa mara nyingi ni dawa nyingine inayoongezwa juu yake, na hapa Dar dawa hiyo hununuliwa duka la dawa la mtaani, siku mtu amebanwa na UTI au homa, bila muuzaji kujua kwamba mteja wake ana dawa ya wiki.

Nianze na dozi. MTX ya viungo inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Wengi huanzia 7.5 hadi 15 mg, yaani vidonge 3 hadi 6 vya 2.5 mg, vyote siku moja. Daktari hupandisha taratibu, na mara chache huvuka 25 mg. Siku iandikwe kwa jina kwenye bahasha ya dawa: "vidonge 4 kila JUMATANO". Muuzaji aliyezoea kuandika 1x1 (kimoja mara moja kwa siku) akiandika hivyo kwa methotreksati, mgonjwa atameza kila siku, na siku chache tu zinatosha kuvuruga uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Watu wamekufa kwa kosa hili nchi mbalimbali. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lililazimika kutoa masharti mapya ya kulizuia. Ukipewa bahasha yenye 1x1, irudishe dirishani hapo hapo.

Pamoja nayo kuna asidi ya foliki (vitamini), kwa kawaida 5 mg mara moja kwa wiki, siku tofauti na ya MTX. Wengine huongezewa. Vidonge vya FEFO (madini ya chuma na foliki) vya kliniki ya wajawazito vina foliki mikrogramu 400 tu, kwa hiyo kimoja cha FEFO hakijazi pengo la kimoja cha 5 mg.

Sasa Septrin, antibayotiki inayouzwa sana kwa UTI na homa. Kidonge cha 480 kina sulfamethoksazoli 400 mg na trimethoprimu 80 mg. Chembe za mwili zinahitaji foliki ili zigawanyike, na kuna kimeng'enya kinachoiandaa foliki hiyo iweze kutumika. Methotreksati inakizuia. Trimethoprimu ilitengenezwa kuzuia kimeng'enya cha aina hiyo hiyo kwa bakteria, lakini cha binadamu nacho inakigusa kidogo. Kwa mtu asiye na MTX mguso huo hauonekani. Kwa aliye nayo, njia iliyokuwa imebanwa nusu inazibwa. Juu ya hapo, Septrin inapunguza kasi ya figo kutoa methotreksati kwenye mkojo, na figo ndiyo njia yake kuu ya kutoka. Uboho unaishiwa: chembe nyeupe, nyekundu na zile za kugandisha damu zinashuka kwa pamoja.

Dalili: vidonda vya mdomoni vinavyozuia kula, homa, koo kuuma, madoa mekundu au ya zambarau kwenye ngozi, fizi kutoa damu, uchovu usio wa kawaida. Mwenye MTX akipata vidonda mdomoni na homa, asimeze dozi ya wiki hiyo. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa ufupi: Septrin na methotreksati haziendi pamoja. Hata trimethoprimu peke yake haifai.

---

Kijana wa Mbagala

Asante mkuu. Swali: nikipishanisha je? MTX Jumatano, Septrin kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Si itakuwa imeshatoka?

---

Mfamasia wa Ilala

Haijatoka. Kwenye damu inapungua ndani ya saa chache, kwa hiyo ukipima damu siku ya pili utadhani imeisha. Lakini sehemu iliyoingia ndani ya chembe inafungwa minyororo na kubaki humo kwa wiki kadhaa, ndiyo maana dozi moja kwa wiki inatosha kutibu. Septrin ya Ijumaa inaikuta. Hata ukiruka dozi ya Jumatano moja ili umeze Septrin, bado inaikuta. Suluhisho ni kubadilisha dawa ya bakteria. Kupishanisha saa kunasaidia pale dawa moja inapozuia nyingine kunyonywa tumboni, kama dawa za kiungulia zenye magnesi pamoja na haidroksiklorokwini (dawa nyingine ya viungo): hapo acha saa 4 katikati.

---

Dada wa Tabata

Basi UTI itibiwe na nini? Maana ukifika dukani ukasema mkojo unachoma, mkononi unapewa Septrin au sipro.

---

Mfamasia wa Ilala

Kwanza pima mkojo, na ikiwezekana uoteshwe maabara kuona ni bakteria gani. Watu wengi wanaambiwa wana UTI kwa kuangaliwa usoni tu. Ikithibitika, nitrofurantoini ni chaguo zuri kwa maambukizi ya kibofu kama figo ziko sawa na hakuna homa wala maumivu ya kiunoni. Sefaleksini nayo inafikiriwa. Kama kuna homa na kiuno kinauma, hiyo imeshapanda kwenye figo. Nenda hospitali, usitibiwe kaunta.

Siprofloksasini inaweza kupunguza utokaji wa MTX, hivyo haitolewi kiholela. Kuna la pili ambalo wengi hawaambiwi: wagonjwa wengi wa baridi yabisi wanatumia pia prednisoloni (steroidi). Sipro pamoja na prednisoloni, hasa kwa mwenye umri zaidi ya miaka 60, inaongeza hatari ya ukano wa kisigino kukatika. Ukianza kusikia maumivu nyuma ya kisigino ukiwa kwenye sipro, acha dawa na urudi kwa daktari.

Amoksilini na jamii yake ya penisilini nazo zinashindana na MTX kwenye njia ya kutokea figoni. Kwa dozi ndogo za viungo na figo nzima, watu wengi wanapita salama. Mwenye figo dhaifu au mzee apimwe damu. Na kuna kanuni ya jumla: ukiwa na maambukizi makali yanayohitaji antibayotiki, madaktari wengi husimamisha MTX hadi umalize dozi na upone. Kukosa wiki moja au mbili hakuharibu viungo.

---

Maabara Temeke

Niongeze upande wa vipimo, maana damu huanza kusema kabla ya mwili. Vipimo vitatu: FBP (hesabu ya chembe za damu), vimeng'enya vya ini (ALT na AST), na kreatinini ya figo. Mwanzo wa dawa, au dozi ikipandishwa, ni kila wiki 2 hadi dozi itulie kwa wiki 6. Kisha kila mwezi kwa miezi 3, halafu angalau kila wiki 12. Huo ndio utaratibu wa mwongozo wa Uingereza, na wengi wanaufuata.

Majibu yakitoka usisubiri tarehe ya kliniki kama unaona haya: chembe nyeupe chini ya 3.5, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) chini ya 1.6, platileti (za kugandisha damu) chini ya 140, ALT au AST juu ya 100, kipimo cha uchujaji wa figo chini ya 60, au kreatinini imepanda zaidi ya asilimia 30 ndani ya mwaka. Angalieni pia MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Ikivuka 105, foliki imepungua au kuna kitu kinaila. Mara nyingi MCV inapanda taratibu wakati namba nyingine bado nzuri.

Tafadhali tunzeni karatasi za majibu ya nyuma. Platileti 150 kwa mtu ambaye miezi yote alikuwa na 320 ni habari, ingawa mashine haitaweka alama yoyote pembeni yake.

---

Nesi wa CTC

Hili la Septrin linagusa sana wateja wa CTC (kliniki ya VVU), naomba lisipite haraka. Mtu anayeishi na VVU anaweza kupewa Septrin ya kujikinga, 960 mg kila siku, kwa miezi mingi. Akipata baridi yabisi na kuanzishiwa MTX kliniki nyingine, kadi mbili zinatembea bila kukutana: moja ina Septrin, nyingine ina MTX, na kila daktari anaona yake. Onyesha kadi zote mbili pande zote mbili. Kama bado unahitaji kinga, dapsoni 100 mg kwa siku inaweza kuchukua nafasi, baada ya kuangalia upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu), kwa kuwa mwenye upungufu huo dapsoni inampasulia chembe nyekundu. Usijikatie Septrin mwenyewe. CD4 (chembe za kinga) zikiwa chini, kinga hiyo ndiyo inayomweka mtu hai.

Kuhusu ARV zenyewe: ndani ya TLD, kidonge cha ARV cha wengi, kuna tenofovira, ambayo inapita figoni na kwa baadhi ya watu inazigusa. Ukiijumlisha na diklofenaki ya kila siku, kreatinini ipimwe mara nyingi zaidi. Walio kwenye ARV za mstari wa pili zenye ritonavira wana jambo jingine kubwa: ritonavira inazuia ini kuvunja steroidi. Sindano moja ya triamsinoloni kwenye goti, ambayo kwa mwingine ingebaki gotini, kwao inaweza kukaa mwilini wiki nyingi, uso ukavimba, sukari ikapanda, na tezi za juu ya figo zikalala. Mwambie anayekuchoma sindano unatumia ARV gani, kabla hajafungua chupa.

---

Kijana wa Mbagala

Na malaria? Hili ndilo letu la kila siku.

---

Daktari wa Viungo

Karibu tuligawe kwa dawa.

SP (Fansidar na wenzake): usiiguse ukiwa na MTX. Ndani yake kuna pirimethamini, inayozuia kimeng'enya kile kile alichokieleza mfamasia, pamoja na salfa. Ni Septrin kwa sura nyingine. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006 tulipohamia mseto, lakini madukani bado ipo, maana inatumika kuwakinga wajawazito, na watu wazima wengine wanaipenda kwa kuwa inamezwa mara moja. Nasisitiza kwa sababu watu huwa wanaikumbuka Septrin na kuisahau SP.

ALu, mseto wenyewe: na MTX haina mgongano mkubwa. Pima kwanza, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) au darubini. Homa ya mwenye MTX inaweza kuwa chembe nyeupe zimeshuka, na ukimeza mseto bila kupima utapoteza siku 3 za thamani. Homa pamoja na kipimo cha malaria hasi maana yake FBP siku hiyo hiyo.

Ila wengi wana haidroksiklorokwini pamoja na MTX. Hiyo inarefusha kidogo muda wa umeme wa moyo kujipanga, na lumefantrini iliyomo kwenye ALu inaweza kufanya hivyo pia. Kwinini, asithromaisini, erithromaisini na flukonazoli zimo kwenye kundi hilo. Kwa kijana mwenye moyo mzima, siku 3 za ALu kwa kawaida hupita vizuri. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, potasiamu ya chini kwa kutapika au dawa za presha za kukojoza, au aliyewahi kuzimia ghafla, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ifanyike kwanza. Kuacha haidroksiklorokwini siku hizo 3 hakusaidii. Inakaa mwilini wiki nyingi, nusu yake tu huchukua takriban siku 40 kutoka.

Na msidanganyike kwamba haidroksiklorokwini itawakinga na malaria. Vimelea vya huku vilishazoea klorokwini zamani. Lala kwenye chandarua.

Dozi yake: isizidi 5 mg kwa kilo moja ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 ni 300 mg, na kwa kuwa vidonge ni vya 200, anameza 2 leo, 1 kesho. Kumeza 2 kila siku kwa miaka ukiwa na kilo 50 ni kuichosha retina ya jicho. Mwenye kisukari ajue kwamba inashusha sukari. Akianza dawa hii juu ya insulini au glibenklamidi, apime sukari mara nyingi zaidi.

---

Dada wa Tabata

Daktari, na za maumivu? Diklofenaki tunaandikiwa kliniki hiyo hiyo, halafu kijikaratasi cha ndani ya boksi kinasema hatari.

---

Daktari wa Viungo

Kijikaratasi kinachanganya dozi za saratani na za viungo. Kwenye saratani MTX hutolewa kwa wingi mkubwa sana, na huko diklofenaki inaweza kuua. Kwa dozi ya wiki ya viungo, na figo nzima, tunazitumia pamoja huku tukipima. Hatari inakuja kwa njia tatu.

Kwanza, kurundika. Umeandikiwa diklofenaki, halafu duka la mtaani linakupa ibuprofeni ya jino, na jirani anakupa meloksikamu ya mgongo. Zote ni kundi moja, zote zinabana damu inayoingia figoni. Moja tu kwa wakati, kwa dozi ndogo inayotosha. Parasetamoli haimo kwenye kundi hilo. Gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na chini ya hapo kwa mwenye uzito mdogo au ini lenye shida.

Pili, dawa za presha. Enalaprili au losatani, ukaongeza ya kukojoza kama bendrofluazidi, ukaongeza diklofenaki: figo inabanwa kutoka pande tatu. MTX ikiwa ndani, haina pa kutokea.

Tatu, ukavu wa mwili, na hapa Dar hili lina msimu. Joto la Januari na Februari, kuhara, kutapika. Ukiharisha, simamisha diklofenaki, kunywa ORS, na USIMEZE MTX ya wiki hiyo hadi uwe umepona na unakojoa kama kawaida. Aliyeharisha sana apime kreatinini kabla ya kurudi kwenye dozi. Dozi iliyopitwa unaweza kuimeza ndani ya siku 2. Zikipita, iache hadi siku yako ya kawaida. Kamwe usimeze mara mbili kufidia.

Kwa wanaofunga Ramadhani: MTX iwe usiku baada ya futari, na maji yagawanywe hadi daku. Kama figo zako tayari zina kasoro, zungumza na daktari kabla mwezi haujaandama.

---

Nesi wa CTC

TB kidogo, maana tunaiona sana. Dawa za mwanzo za TB, hasa aisoniazidi na pirazinamidi, zinagusa ini, na MTX inagusa ini, kwa hiyo kwenye TB hai daktari mara nyingi husimamisha MTX. Rifampisini inavunja prednisoloni haraka: mtu aliyekuwa sawa na 5 mg anaamka viungo vimekakamaa, anadhani ugonjwa umerudi, kumbe dawa inaisha mwilini. Dozi ya prednisoloni hupandishwa na daktari, na ikumbukwe kushushwa TB ikiisha. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinapoteza nguvu chini ya rifampisini. Kwa mwanamke aliyewahi kuwa kwenye MTX hilo ni zito, kwa sababu MTX inaharibu mimba. Kabla ya kutafuta mtoto inaachwa mapema. Vijikaratasi vingi husema miezi 6, miongozo mipya inakubali muda mfupi zaidi. Mwulize daktari wako ni upi.

---

Kijana wa Mbagala

Na dawa za asili za viungo? Wanauza hadi kwenye daladala.

---

Mfamasia wa Ilala

Sitasema mimea yote ni mibaya. Tatizo ni kisichoandikwa kwenye lebo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipima bidhaa ya viungo iitwayo Artri King, iliyokuwa ikiuzwa kama virutubisho, ikakuta ndani yake deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki. Dawa ya "asili" inayokuondolea maumivu ya miaka ndani ya siku 2 inastahili shaka hiyo hiyo. Ukiitumia miezi kisha ukaiacha ghafla, tezi za juu ya figo zilizolazwa na steroidi zinaweza kushindwa kuamka, presha ikaanguka. Kwa hiyo usiache ghafla, nenda nayo hospitali kwenye chupa yake. Bidhaa isiyo na usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania) isiingie tumboni kwa mtu mwenye MTX.

Pombe: ini ni lile lile. Kidogo sana, au usinywe kabisa.

Chanjo ya homa ya manjano ni ya kirusi hai. Msafiri mwenye MTX amwone daktari kwanza, anaweza kuandikiwa barua ya kusamehewa. Chanjo za mafua na nimonia si hai, zichomwe bila woga.

---

Dada wa Tabata

Mwisho kwangu. Mtu akiwa ameshameza Septrin siku 3 na MTX ya wiki imo ndani, afanye nini leo?

---

Daktari wa Viungo

Aache Septrin sasa hivi. Asimeze MTX inayofuata. Aende hospitali yenye maabara leo, iwe Amana, Mwananyamala, Temeke au Muhimbili, akiwa na maboksi yote mawili mkononi, na aseme dirishani: "Natumia methotreksati, nimechanganya na Septrin." Apimwe FBP, kreatinini na ini. Kama chembe zimeshuka au mdomo una vidonda, dawa ya kuokoa ni asidi ya foliniki, ambayo inaingia mbele ya kile kimeng'enya kilichozibwa. Foliki ya kawaida ya 5 mg haitoshi, kwa sababu yenyewe lazima ipite kwenye mlango ule ule. Utaratibu ni huo huo kwa aliyemeza MTX kila siku kwa makosa.

Kama FBP ya leo ni nzuri, asifunge jalada. Chembe zilizomo kwenye damu leo zilitengenezwa kabla ya Septrin. Pengo linaonekana siku kadhaa baadaye, kwa hiyo arudie kipimo baada ya siku 3 hadi 4 na tena wiki moja, na homa yoyote katikati ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku.

---

Mfamasia wa Ilala

Na sisi wa kaunta tujaze fomu ya njano ya TMDA, ya kuripoti madhara ya dawa, kila tukikutana na tukio la namna hiyo. Andikeni majina ya dawa zote mbili, dozi, na tarehe kila moja ilipoanza.